Tundu la Ishirini na Mbili

Ukienda sokoni kwetu siku ya Jumamosi, pale kwa wauza viazi, ukalitaja jina la Eloy Chiluisa, utaambiwa ni yule fundi aliyechomoa waya watu wanne wakafa. Basi, hawana neno jingine. Mtu amefanya kazi miaka ishirini na sita, amepanda vilima na antena mgongoni mpaka magoti yakamwisha, halafu wauza viazi wanammaliza kwa sentensi moja! Inaniuma. Na inaniuma zaidi kwa sababu mimi ndiye ninayejua nani alimwambia achomoe. Eloy alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kugusa, na siku ile pia aliuliza.

Naitwa Zoila Pazmiño. Nilikuwa mkuu wa zamu katika mtandao wa vyuo vya mkoa wetu, na Eloy alikuwa fundi wangu wa vilimani. Msituchanganye na hawa wanaouza bando mtaani. Mtandao wetu ni wa vyuo vikuu na watafiti peke yao. Mtu wa nyota anapitisha picha zake humo, mtu wa mbegu anapitisha hesabu zake, daktari anayefundisha upasuaji anaonwa na wanafunzi walio mbali, na vyote hivyo vinapita kwenye waya alizozifunga Eloy kwa mikono yake. Yeye pia ni baba wa ubatizo wa binti yangu Dayana. Ndiyo maana aliniita komadre nami nikamwita kompadre, hata mbele ya mkurugenzi, na mkurugenzi hakupenda kabisa.

Baba yake alikuwa mpanda nguzo za simu, akaanguka kutoka kwenye nguzo moja huko nyanda za juu na hakuamka tena. Eloy alirithi mkanda wa kupandia na woga wa kufanya kazi kwa haraka. Chuo hakusoma. Maprofesa walimwita "injinia" walipomhitaji na "yule kijana" walipokuwa hawamhitaji, hata baada ya kichwa kujaa mvi. Yeye alicheka tu.

"Komadre," alikuwa akiniambia, "profesa akikosa mtandao dakika mbili analia kama amekatwa mkono. Mkono wenyewe akikatwa, atangoja foleni hospitali kwa adabu."

Mwaka tulipokiunganisha chuo cha kilimo, Eloy alipandisha sahani ya antena kwenda kilima cha Loma Fría kwa nyumbu. Nyumbu akagoma katikati ya njia. Eloy akamsihi, akamtukana, akamwimbia, wapi! Akaifungua ile sahani akaibeba mwenyewe. Huku chini mkuu wa chuo alikuwa na wageni na mkasi mkononi, hakutaka kungoja, akakata utepe. Redio yangu ikalia: "Komadre, wanapiga makofi ya nini huko? Wamezindua nini? Antena bado ninayo mgongoni!" Tulicheka mpaka tukalia. Jioni kabla jua halijazama ishara ikapita, na wale watu wa kilimo hawakujua kwamba waliushangilia ukuta mtupu kwa saa tano.

Kila waya alioufunga aliupa jina. Kikaratasi kidogo, mwandiko wake wa kuinamia kushoto, juu yake gundi ya plastiki. Alichukia waya usio na jina kuliko alivyomchukia shetani. Lakini mtandao mkubwa una mikono mingi, na waya zisizo na majina hazikosekani. Kwa hizo tuna desturi yetu, na popote utakapowakuta watu wa kazi hii utaikuta: unachomoa, halafu unasikiliza. Kama waya una mwenyewe, atapiga kelele. Atapiga simu, atakuja mbio, atakutukania mama yako. Unarudisha waya, unaomba radhi, na sasa unajua jina la kuandika. Saa nzima ikipita bila kelele, waya hauna mwenyewe, unaukata. Nimewafundisha vijana wengi desturi hiyo. Ni ya kihuni, najua, lakini ilikuwa haijatuangusha.

Sasa nitaje kosa langu, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Juu yetu kuna mlima, tunauita Mama Sacharumi, na una moto tumboni. Moto wenyewe si wa kila siku. Kinachoua watu kwetu ni majivu ya zamani yaliyolala juu huko: mvua kubwa ikinyesha yanashuka korongoni yakiwa tope zito lenye mawe makubwa, na kijiji cha Las Juntas kiko mdomoni mwa korongo. Kituo cha kuchunguza mlima kimezika mashine za kusikia mtetemo huko juu. Tope likianza kutembea, mashine zinalisikia, mtu wa zamu anaona kwenye kioo, anawaita Las Juntas kwa redio, kengele inapigwa, watu wanapanda. Kutoka kusikia mpaka kufika ni nusu saa. Nusu saa inatosha hata kwa bibi kizee.

Miaka saba kabla ya mambo haya, Daktari Villacís, mkuu wa kituo hicho, alinijia ofisini. Njia yake ya zamani ya kuleta ishara ilikuwa imeharibika. Akaomba tundu moja tu kwenye swichi yetu ya Loma Fría, lile sanduku tunalochomekea waya.

"Wiki mbili, Zoila. Wiki mbili tu, mpaka karatasi zangu zipite."

Karatasi zake zilihitaji sahihi kumi na nne. Mimi nikasema, huyu ni mtu wa maana, kazi yake ni ya maana, nimsaidie. Nikampa tundu la ishirini na mbili. Wiki iliyofuata akaniletea sinia la simbilisi wa kuchoma na viazi vyake, tukala ofisi nzima. Nilisema nitaliingiza tundu hilo kwenye mchoro, ule mchoro wetu unaoonyesha kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Sikuliingiza. Ningeliingiza, mkurugenzi angeuliza sahihi ziko wapi. Wiki mbili zikawa miaka saba, na ishara ya mlima ikaendelea kupita kwenye tundu ambalo kwenye mchoro ni tupu. Eloy hakujua. Waya waliufunga watu wa Villacís wenyewe siku Eloy alipokuwa likizo.

Kazi kubwa za mtandao tunazifanya Juma Kuu. Wanafunzi wamekwenda kwao, maprofesa wako pwani, hakuna wa kulalamika. Mwaka juzi Eloy alipanda Loma Fría asubuhi ya Ijumaa Kuu kubadilisha swichi kuukuu. Alipanda peke yake. Mimi nilikuwa mkuu wa zamu, na mkuu wa zamu siku kama ile anakaa nyumbani na redio ya mkononi, maana simu hazishiki vizuri kule juu.

Nilikuwa jikoni nakoroga fanesca, supu yetu ya Ijumaa Kuu. Asiyewahi kuipika asiniambie kitu: nafaka kumi na mbili, kila moja umeimenya kivyake, samaki mkavu umemloweka siku mbili, maziwa yakikatika umekwisha. Mezani alikuwa mume wangu Gonzalo, amekonda, figo zake zimekufa zote mbili. Dayana alikuwepo, na baba mkwe wangu Don Reinaldo, mzee wa dini mpaka kwenye kucha. Redio ikalia.

"Komadre, uko?"

"Niko na mwiko mkononi. Sema haraka."

"Tundu la ishirini na mbili lina waya. Wa kijivu, hauna jina. Kwenye mchoro wako hapa ni tupu."

"Basi ni tupu."

"Si tupu, nakwambia una waya. Na taa yake inapepesa."

Taa ikipepesa kuna kitu kinapita. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Mimi niliambiwa inapepesa, nikalisikia neno hilo kwa masikio yangu haya mawili, na maziwa yalikuwa yanapanda kwenye sufuria.

"Kompadre, hizo ni takataka za mtu. Vyuo vyote vimefungwa. Chomoa, usikilize."

"Nichomoe?"

"Chomoa bwana, supu inaungua!"

"Haya. Wewe ndiye mkubwa."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi na nne. Najua kwa sababu niliandika kwenye daftari la zamu, kwa mazoea tu, kwa mkono unaonuka samaki: "5:14, Eloy, Loma Fría, tundu 22 halina jina, nimemwambia achomoe." Mtaniuliza kama nilimkumbuka Villacís. Nimejiuliza mwenyewe mara elfu. Haki ya Mungu, nilisahau. Miaka saba nilikuwa nimelificha lile tundu kwa mkurugenzi, mpaka likajificha hata kwangu mwenyewe.

Saa tano na dakika ishirini simu yangu ikatetemeka mezani. Alikuwa Maribel Toapanta, msichana wa zamu kituoni. Yeye hakuwa na namba nyingine ya kupiga. Katika mtandao mzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ishara yao inapita kwetu.

"Zoila," akasema Don Reinaldo, "leo Bwana wetu yuko msalabani na wewe una simu kwenye meza?"

Nikaigeuza kifudifudi. Nikasema moyoni, huyu Maribel naye, kila akipiga ana shida ya kuomba. Ikatetemeka tena saa tano na dakika ishirini na tatu. Ikatetemeka tena saa tano na dakika thelathini na mbili. Nikaichukua nikaitia kwenye droo pamoja na vijiko.

Desturi yetu inasema ngoja kelele. Kelele zilipigwa mara tatu, na zilikuwa kwenye droo yangu.

Kijijini hapakuwa na tone la mvua. Mvua ilikuwa juu, nyuma ya wingu. Mtazamaji wa Las Juntas, yule anayekaa na redio ya kituo, alikuwa amebeba jeneza la sanamu ya Bwana begani pamoja na wanaume wengine, na redio ameiacha nyumbani, kwa kuwa jua lilikuwa linawaka na kituo hakijaita. Msafara wa Njia ya Msalaba kwao unavuka mto kwa miguu kwenda kikanisa cha ng'ambo. Maji yanafika kifundoni tu. Saa sita kasoro dakika tano, nusu ya watu wakiwa wamevuka, tope likatokea kwenye kona. Walikufa Don Amable aliyekuwa anatunza kanisa, dada wawili wa ukoo wa Yanchapaxi waliokuwa wauza mahindi ya kukaanga, na mtoto wa miaka tisa, Anahí, aliyekuwa amevaa mabawa ya malaika.

Nilimpigia Maribel saa sita na robo, tumeshakula, nimeshaosha vyombo.

"Bi Zoila!" Maribel alikuwa analia. "Tumekuwa vipofu saa nzima! Mashine zote za korongo zimekatika!"

"Zinapita wapi?"

"Kwani wewe hujui? Loma Fría! Kwenye tundu ulilotupa wewe!"

Nikaikamata redio kwa mikono miwili.

"Rudisha! Eloy, rudisha ishirini na mbili!"

"Ni wa nani?"

"Wa mlima!"

Baada ya sekunde chache nikasikia kwenye simu Maribel akipiga ukelele, maana kioo chake kilirudi kikiwa kimejaa mtetemo juu mpaka chini, na akaelewa kwamba lililokuwa la kuonywa limekwisha pita.

Eloy hakurudi nyumbani. Alishuka Loma Fría na viatu vyake vya mpira mpaka Las Juntas, akaomba koleo, akachimba pamoja na wenyeji siku tatu. Hawakujua ni nani. Walimpa mahindi ya kuchemsha na chai ya mdalasini, wakamwita ndugu. Mmoja wa wale dada alimchimbua yeye, na alikuwa anamfahamu, alikuwa akinunua kwake kila akipanda kilimani. Siku ya nne ndipo akawaambia. Mzee mmoja akamwomba koleo lake, akalichukua, na watu wote wakampa mgongo.

Mimi siku hizo nilichana ule ukurasa wa daftari la zamu. Sikuuchoma. Niliukunja nikautia ndani ya kitabu cha misa, hata leo sijui kwa nini.

Eloy alinikuta hospitali, Jumatano, kwenye chumba wanachosafishia damu. Gonzalo alikuwa amelala kwenye kiti chake, mirija mkononi. Mara tatu kwa wiki, saa nne nzima kila mara, na yote hiyo inalipwa na bima ya kazi yangu. Nikifukuzwa kazi leo, Gonzalo ana siku kumi za kuishi. Eloy alijua hesabu hiyo kama mimi.

"Wameniita kwenye kamati ya uchunguzi kesho," akasema. "Wanataka kujua nani alitoa amri."

"Nitasema mimi."

"Utasema nini?"

"Nitasema nilikwambia uchomoe. Nitasema mchoro ni wangu."

Akamtazama Gonzalo. "Na huyu?"

Nilitazama ile mashine inavyozunguka.

"Komadre, mimi nina mbwa mmoja na nyumba ya kupanga," akasema. "Mkono uliochomoa ni wangu, na taa niliiona inapepesa. Kaa kimya. Huyu akipona, au Mungu akimchukua, basi tutaongea. Sasa hivi kaa kimya."

"Kompadre, siwezi kukuacha."

"Unaweza, na utaniacha. Na usinililie hapa, manesi wanatuangalia."

Nikakaa kimya. Mnaniona nilivyo na mdomo, nimegombana na wakurugenzi watatu na askofu mmoja, lakini siku ile nilinyamaza kama nimeambiwa na daktari.

Kwenye kamati alisema hakuna aliyemwamuru. Wakamuuliza mchoro unatunzwa na nani, akasema yeye. Villacís aliapa kwamba ruhusa ya tundu ilitolewa kwa mdomo na hakumbuki na nani, maana naye hakuwa na karatasi. Mtu mzima, daktari wa milima, hakumbuki! Maribel alisema alinipigia mara tatu. Nikajibu kwamba simu ilikuwa kwenye droo, na huo ulikuwa ukweli. Hakuna aliyeuliza nani aliiweka.

Kesi ikaenda mahakamani Novemba. Mama wa Anahí aliruhusiwa kusema. Mwanamke mfupi, kofia yake ya sufu ameishika kifuani. Hakumtukana Eloy. Alikuwa amesikia habari za ile desturi yetu, jinsi tunavyochomoa na kungoja kelele, na alikuwa na swali moja tu.

"Ulikaa saa nzima unasikiliza," akamwambia. "Ulikuwa unasikiliza nini?"

Mimi nilikuwa mstari wa tatu, kitabu cha misa mapajani, na ule ukurasa ndani yake.

Hakimu akaniita. "Bi Pazmiño, kabla ya kuchomoa, fundi aliwasiliana na wewe?"

"Sikumbuki, mheshimiwa."

"Hukumbuki?"

"Ilikuwa siku ya shughuli nyingi. Sikumbuki."

Wakampa miaka mitatu. Alipopitishwa mbele yangu na pingu alinikonyeza kidogo, kama zamani tulipokuwa tunamdanganya mkurugenzi. Laiti asingenikonyeza.

Nilikwenda kumwona gerezani mara moja, Desemba, nikampelekea soksi za sufu na mikate. Sikuweza kurudi tena. Nilimtuma Dayana, na Dayana alikuwa akirudi ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda, ingawa hakujua kitu. Gerezani kwetu si mahali pa mzee wa miaka hamsini na nane. Walimvunja vidole viwili mwezi wa pili. Dayana alipouliza, alisema mlango umembana.

Mwaka uliofuata, tarehe tisa Agosti, Gonzalo alifariki kwenye kiti kilekile, mashine inazunguka. Nilimzika vizuri. Watu walikuja wengi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, na wauza viazi nao wasikilize. Sababu ya kunyamaza ilikwisha siku hiyo. Ilizikwa na Gonzalo, na kila mtu angenielewa kama ningetoka makaburini nikaenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka. Nikajiambia, ngoja novena iishe, zile sala za siku tisa. Ikaisha. Ngoja misa ya mwezi. Ikapita. Ngoja Dayana amalize mitihani, ngoja Krismasi, mtoto asiharibikiwe Krismasi ya kwanza bila baba. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu kupata kiinua mgongo, na hilo pia lilikuwemo, sitalificha. Niliamka, nilikwenda kazini, nilikula, nililala. Nililala vizuri! Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu.

Februari tukakaa kupanga kazi za Juma Kuu. Mkurugenzi alikuwa na mafundi wapya wanne, vijana safi, kompyuta zao zinang'aa. Mmoja akasema atabadilisha kitu fulani bila kuuliza, mwenzake akampiga bega.

"Wee, usije ukafanya Chiluisa!"

Wakacheka wote. Nikauliza maana yake nini, wakaniambia, wamenishangaa kidogo, kwamba ndivyo wanavyosema siku hizi: kufanya Chiluisa ni kuchomoa kitu bila kuuliza. Mkurugenzi naye akatabasamu.

Nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu. Nikasema, "Aliuliza." Hawakusikia vizuri, nikarudia kwa sauti mpaka watu wa ofisi ya pili wakachungulia. "Aliuliza! Aliniuliza mara mbili, wajinga nyie! Mimi ndiye niliyesema chomoa!"

Mchana uleule nikampelekea mwendesha mashtaka ule ukurasa. Karani aliunusa, akauliza huu uchafu ni wa nini. Nikamwambia ni samaki. Akaandika maelezo yangu kurasa sita, nikatia sahihi kila ukurasa, na akaniambia jalada la Chiluisa litafunguliwa upya na langu litaanza, na lake litachukua miezi kadhaa, labda mwaka, kwa kuwa mahakama zimejaa. Mwaka! Amebakiza mwaka na miezi tisa. Nilitoka pale mwepesi, msinicheke, nilitoka nikiwa karibu kufurahi, nikasema Jumamosi nitakwenda kumwambia mwenyewe.

Jumamosi nilipanga foleni na wanawake wenye masufuria. Wakanipekua, wakachoma mikate yangu kwa kisu. Eloy akaletwa akakaa ng'ambo ya meza. Amezeeka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungwa vibaya, havikunji, na nikafikiri mara moja kwamba mkono huo hautaandika tena vikaratasi.

"Komadre," akasema.

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Ukurasa, karani, kurasa sita, jalada. Alinisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza redio penye upepo. Nilipomaliza nilingoja aseme kitu. Sikuwa nataka shukrani, lakini nilikuwa nataka kitu, hilo nakiri.

"Gonzalo alifariki lini?" akauliza.

"Agosti. Tarehe tisa."

"Tarehe tisa. Ndiyo." Akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilisikia kwenye redio, kwenye matangazo ya vifo. Mwenzangu wa chumba ana redio. Nikamwombea. Halafu nikafunga vitu vyangu kwenye mfuko."

"Vitu gani?"

"Vyote. Blanketi, soksi zako, kikombe. Nikawaambia wenzangu, sasa komadre wangu anakuja, kesho au keshokutwa. Nilifunga hata mswaki, komadre. Siku tisa nilisugua meno kwa kidole."

Kengele ya kumaliza ikalia. Akasimama kabla mlinzi hajamwambia, akachukua mikate yangu iliyotobolewa.

"Halafu nikaufungua mfuko," akasema, na akaenda.